Siku Kocha Wakuru Alipomtoa Mwita Mbioni

Kuna siku moja sijaisahau, mwanangu. Kila nikiona kijana anapita mbio hapa mbele ya duka langu, Nyamisangura mjini Tarime, inanirudia yote: jua, vumbi, kelele za watu, na mwanamke mmoja ameanguka barabarani huku amemng'ang'ania kijana asiye wake, na watu wamemzunguka wakitaka kumpiga.

Kaa hapa kwenye benchi upumue. Umekuwa ukipita hapa kila asubuhi, unaniamkia shikamoo bila kupunguza mwendo, nami nakuitikia marahaba ukiwa umeshafika kwa fundi baiskeli. Leo umesimama kwa sababu goti linakuuma. Nimekuuliza nani anakufundisha, ukanionyesha simu. Sikukucheka. Simu ni kitu kizuri, na wale unaowatazama humo wanakimbia kweli. Ila nina jambo la kukusimulia, na ni refu kidogo. Pumzisha hilo goti unisikilize.

Mimi nilizaliwa Nyarero. Baba yangu na baba mkubwa Nyamhanga walijenga karibu karibu, kwa hiyo mimi na mtoto wake, Mwita, tulikua kama mapacha. Tulichunga pamoja, tulitahiriwa msimu mmoja, na tulilala kibanda kimoja. Lakini kwenye kukimbia hatukuwa sawa. Mwita alikuwa na miguu mirefu na kifua kama cha farasi. Ndama akikatika kamba, watu wazima walikaa wakasema, "Mwacheni Mwita." Na kweli, muda si mrefu unamwona anarudi na yule ndama, hata jasho halijamtoka. Mimi nilikuwa nyuma yake siku zote. Tena nilikuwa na ugonjwa wangu: nikikimbia sana, ubavu wa kulia unanichoma, na mguu wa kushoto unauma kwenye muundi usiku kucha.

Wakati huo ndipo Kocha Wakuru alipokuja kijijini kwetu. Kwao ni Robanda, kule pembeni mwa hifadhi, upande wa Serengeti. Ujanani alikuwa mkimbiaji wa timu ya jeshi. Alipoacha jeshi alirudi kwao kulima, akapata kibarua pia kwenye kambi moja ya watalii. Mwaka ule tembo walimaliza mahindi yake yote, na mdogo wake, aliyekuwa ameolewa Nyarero, akawa mgonjwa asiyeweza kuinuka. Basi Wakuru akafunga nyumba yake akaja kumuuguza mdogo wake na kumlelea watoto. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini. Kiikoma chake na Kikurya chetu vilisikilizana kwa mbali tu, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili, tena Kiswahili cha jeshini, kifupi, bila maneno ya kupambia.

Alikuwa akichota maji anatuona tunavyoshindana kupanda kilima cha shule. Siku moja akatusimamisha wote wawili.

"Nyie mnakimbia vizuri," akasema. "Lakini mnakimbia ovyo. Mkitaka, kesho asubuhi njooni pale uwanjani, nitawafundisha."

Mwita alicheka kwa adabu, akasema, "Asante, mama. Mimi najua kukimbia tangu tumboni." Baba yake aliposikia habari hiyo jioni alikasirika. Alisema mwanaume aliyekwisha kutahiriwa hafundishwi na mwanamke namna ya kutupa miguu. Wazee wenzake wakaitikia. Mimi baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na mama alinitazama tu akasema, "Huo ubavu wako utakuua. Nenda."

Nikaenda.

Unajua, mwanangu, nilichodhani atanifundisha? Spidi. Nilifika pale nimevua shati, niko tayari kuchomoka. Yeye akasema, "Tunakimbia pamoja mpaka kwenye mti ule na kurudi, na njia nzima utanisimulia habari za nyumbani kwenu. Ukishindwa kusema, umezidisha." Nilishindwa kabla hatujafika popote. Akanipunguza. Nikashindwa tena, akanipunguza tena, mpaka tukawa tunakwenda mwendo ambao hata bibi yangu angetupita. Wenzangu waliokuwa malishoni waliniita, "Mura, unaenda msibani?" Kwetu mura ni kijana wa kiume, na siku ile nililisikia neno hilo kama tusi.

Nilivumilia, si kwa sababu nilikuwa na akili, bali kwa sababu ubavu haukuuma. Hilo tu ndilo lililonirudisha kesho yake.

Baada ya hapo akaanza kunitazama. Nasema kunitazama, na nataka ulielewe neno hili. Alikimbia nyuma yangu kimya, halafu akaniambia mguu wangu wa kushoto naupindisha ndani kila ninapokanyaga, na ndiyo sababu ya muundi kuuma. Mimi ningejuaje? Macho yangu yako mbele. Alinipa mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku nikipiga mswaki. Mama akadhani nimechanganyikiwa, lakini maumivu yalikwisha. Alinipangia siku za kwenda polepole, siku za kupanda kilima kwa nguvu, na siku za kutokukimbia kabisa. Siku hizo za mapumziko ndizo zilizonishinda kuliko zote. Mara moja nilitoroka nikakimbia siku ya mapumziko. Kesho yake alinitazama nikija kutoka mbali, hata sijamwamkia, akasema, "Rudi nyumbani. Jana hukupumzika." Hakugomba. Alinigeuza tu.

Aliuliza mambo ambayo sikudhani yanahusu mbio. Umelala vipi? Umekula nini jana? Mama hajambo? Kuna ugomvi nyumbani? Nikimjibu kwamba kuna ugomvi, alikuwa anapunguza mazoezi ya siku hiyo. Alisema mwili hauna chumba cha pembeni cha kuweka mawazo, kila kitu kinabebwa na miguu ileile.

Mvua zikaja, zikaisha. Ilipofika wakati wa mavuno, siku moja tulipanda kilima mimi na Mwita kama zamani, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nikabaki begani kwake mpaka juu. Hakunishinda kwa kitu. Alisimama akashika kiuno, akanitazama.

"Yule mama anakulisha nini?"

"Njoo kesho uone."

Nilimwona anafikiri. Alitaka kuja. Ninaapa, mwanangu, alitaka. Lakini alimfikiria baba yake, akageuza uso akasema, "Nitakuja baada ya mashindano."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya wilaya. Mbio zilianzia kijiji kimoja nje ya mji na kuishia uwanjani hapa Tarime, na wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Kwa vijana wa kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Timu ya mkoa ilikuwa mlango wa kutokea. Wengine waliopita hapo walipata ajira, wengine waliona Dar es Salaam, na wote jina lao lilitajwa. Nyarero nzima ilijua Mwita atachukua nafasi ya kwanza. Walikodi lori la kuwapeleka kushangilia.

Siku chache kabla ya hapo Mwita aliugua malaria. Alimeza dawa, homa ikashuka, akainuka. Lakini asubuhi ya mbio nilimsikia kitandani kwake meno yanagongana. Nikamwambia, "Mwita, wewe bado." Akasema ni ubaridi wa asubuhi. Niliposhika mkono wake ulikuwa wa moto.

Tulipofika pale pa kuanzia nikamweleza Kocha. Hakupoteza muda. Alimfuata Mwita aliposimama na baba yake na watu wa lori, akaamkia wazee, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mwita, usikimbie leo. Homa haijatoka mwilini. Mbio nyingine zitakuja."

Mwita aliangalia chini. Baba mkubwa Nyamhanga ndiye aliyejibu.

"Umemwona mtoto wako hawezi kumshinda wangu, sasa unakuja na uganga wa maneno?"

"Mzee, mimi naongelea afya yake."

"Nenda kwa wako."

Kocha akamgeukia Mwita mwenyewe. "Unasemaje, mwanangu?"

Na Mwita, mbele ya watu wote wale, angesema nini? Akasema, "Wewe si kocha wangu."

Kocha alitikisa kichwa, akaondoka. Nilimwona usoni. Hakuwa ameudhika. Alikuwa anahesabu jambo fulani.

Basi mgeni rasmi akachelewa. Hayo unayajua, hayajabadilika mpaka leo. Tulipangiwa kuanza asubuhi kukiwa na ubaridi, tukakaa, tukakaa, jua likapanda mpaka kivuli cha mtu kikawa chini ya miguu yake. Kocha alinikalisha chini ya ukuta wa ghala, akanipa maji ya kunywa kidogo kidogo, akanikataza hata kusimama. Mwita alikuwa juani anarukaruka, watu wa lori wanaimba jina lake, na yeye anawapungia mkono. Kila nilipochungulia nilimwona anarukaruka.

Gari la mgeni lilipotokea, Kocha aliniinamia. "Uanze mwanzo wa aibu," akaniambia. "Wote wakupite. Wakucheke mpaka darajani. Baada ya daraja ndipo mbio zako zinaanza. Umesikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Mimi sitakuwa uwanjani. Nitakuwa kwenye kona ya kisima."

Sikumuuliza kwa nini. Aliazima baiskeli akaondoka kabla yetu.

Filimbi ikalia, na Mwita akaondoka kama alivyokuwa akifuata ndama. Kundi zima likamfuata. Mimi nikawa nyuma na vijana wawili wasio na mazoezi, na watu wa kijijini kwangu mwenyewe wakanizomea kutoka kwenye lori. Ilikuwa aibu kweli, Kocha hakunidanganya. Nilijisimulia habari za nyumbani kwetu kimoyomoyo ili nisiharakishe. Tulipovuka daraja nikaachia pumzi, na miguu ikaniitikia. Nikaanza kuwapita mmoja mmoja. Walikuwa wamechemka kwa jua, wengine wanatembea. Ubavu wangu ulikuwa kimya. Kwenye mpando wa kuelekea kisimani walikuwa wamebaki wawili tu mbele yangu: kijana mmoja kutoka upande wa Sirari, na mbele kabisa Mwita.

Na hapo ndipo nilipouona mgongo wa Mwita. Alikuwa anaenda kushoto na kulia kama mtu aliyelewa. Kichwa kimelala begani. Na shati lake, mwanangu, shati lililokuwa limelowa mwanzoni, lilikuwa linakauka. Katika jua lile, alikuwa hatoki jasho.

Watu pembeni walikuwa wanapiga vigelegele. "Mwita! Mwita! Umebakiza kidogo!"

Kwenye kona kulikuwa na pampu ya maji, na akina mama wamepanga madumu yao foleni. Kocha Wakuru akatoka pale, akaanza kukimbia sambamba na Mwita. Baadaye wale akina mama walinieleza alichomuuliza. Alimuuliza, "Mwita, mama yako anaitwa nani?" Na Mwita akamjibu kwa upole kabisa, "Ng'ombe wameshavuka, mimi nawafuata."

Kocha hakuuliza tena. Alimrukia kiunoni. Mwanamke mfupi vile na kijana mrefu vile, wakaanguka wote wawili kwenye changarawe.

Kelele iliyotoka pale siwezi kukueleza. Lori lilikuwa limeshafika, watu wakaruka chini. "Anamzuia! Anamzuia ili wake apite!" Mwita alikuwa anapiga miguu akitaka kuinuka, naye Kocha amemfunga mikono kifuani, anaita akina mama, "Maji! Mwagieni maji! Yote! Kichwani, kwapani, yote!" Akina mama walisita. Halafu bibi mmoja, mzee kuliko wote pale, akainua dumu lake alilolisubiria tangu asubuhi akalimwaga lote juu ya wale wawili. Na wengine wakafuata. Wanaume walikuwa wanawavuta Kocha na Mwita waachane, mmoja ameinua fimbo, nami nikaona fimbo ile inashuka kwenye kichwa cha Kocha.

Nilikuwa nimefika pale. Miguu ikaanza kusimama yenyewe.

Kocha aliniona kati ya miguu ya watu. Damu ilikuwa inamshukia kwenye jicho. Akapaza sauti, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akipaza sauti.

"Marwa! Wewe nenda! Hii si kazi yako, nenda!"

Nikaenda. Nimeulizwa mara nyingi katika maisha yangu kwa nini niliendelea, na jibu langu ni moja. Miezi yote ile huyu mama hakuwahi kuniambia nikimbie mahali pa kusimama, wala nisimame mahali pa kukimbia. Nilikuwa sina haja ya kuelewa. Nilikuwa najua ni nani anayesema.

Niliingia uwanjani wa pili, nyuma ya yule kijana wa Sirari. Hakuna mtu wa kwetu aliyenishangilia. Sikusubiri medali. Niligeuka nikarudi kwa barabara ileile na namba bado iko kifuani, nikipishana na wanaomaliza.

Pale kisimani Mwita hakuwepo. Walimpakia kwenye gari la mgeni rasmi, dereva akampeleka hospitali. Kocha alikuwa amekaa chini kwenye matope karibu na pampu, blauzi imechanika bega, yule bibi amemfunga kitambaa kichwani.

"Mwita?" nikauliza.

"Anapumua."

Kisha akasema, "Wa ngapi?"

"Wa pili."

"Ubavu?"

"Haukuuma, Kocha."

Akafumba macho. Sikujua kama anamshukuru Mungu au anasikia maumivu tu.

Mambo hayakuishia hapo, mwanangu. Wiki ile Nyarero ilichemka. Ikasemwa kwamba mgeni ametuharibia kijana wetu, kwamba alimroga kwanza asubuhi akaja kumalizia barabarani. Wengine walitaka afukuzwe kijijini pamoja na mdogo wake mgonjwa. Kwangu mimi walisema nimekanyaga damu ya ndugu yangu kwenda kuchukua nafasi yake. Mama yangu alinyimwa salamu kisimani. Baba mkubwa Nyamhanga akaita wazee nyumbani kwake, na Kocha akaitwa ajibu.

Alikuja peke yake. Akaonyeshwa kigoda cha chini kabisa, akakikalia. Jeraha lilikuwa bado bichi.

Baba mkubwa alisimama. Alikuwa mtu mkubwa. "Nataka uniambie jambo moja mbele ya wazee hawa. Mwita si mwanafunzi wako. Alikukataa mwenyewe, tulisikia wote. Kwa nini ulimgusa kijana asiye wako?"

"Kwa sababu hakuwa na mtu, mzee."

"Hakuwa na mtu?" Baba mkubwa karibu apasuke. "Mimi nilikuwepo! Baba zake wadogo walikuwepo! Lori zima lilikuwepo!"

"Mlikuwepo," Kocha akasema. "Mlikuwa mnamshangilia. Mimi nilikuwa namtazama."

Mzee mmoja alianza kusema jambo, akaliacha. Na kabla hasira haijapata maneno mengine, tukaona mtu anaingia langoni. Ni mama mkubwa Bhoke, mama yake Mwita, ndiyo kwanza anatoka hospitali alikokuwa akimuuguza mwanaye. Kanga yake ilikuwa imejaa vumbi la njia. Hakuwaamkia wazee, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake kabla wala baada. Alisema akiwa amesimama.

"Mwita amenitambua leo. Ameniita kwa jina langu." Akapumua. "Daktari ameniuliza ni nani alimmwagia maji. Amesema joto lilikuwa limepanda mpaka kwenye ubongo na figo. Amesema kama angeendelea mpaka uwanjani, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

Halafu akaenda akakaa chini kabisa, ardhini, pembeni ya kile kigoda cha Kocha, akaushika mkono wake akauweka mapajani kwake.

Baba mkubwa Nyamhanga alibaki amesimama. Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono yake. Mwishowe alimwendea Kocha Wakuru, akamwambia kwa Kikurya, na Kocha sidhani kama alielewa yote, lakini sisi tulielewa. Alisema, "Mama, nilikuwa nampenda mwanangu kwa kelele." Kisha akatoka nje, na wazee wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

Mwita alirudi nyumbani amekonda. Figo zilikuwa zimeumia, na daktari alimkataza mashindano. Alipopata nguvu alikwenda mwenyewe kwa Kocha, na baba yake alimsindikiza mpaka mlangoni. Kocha alimtembeza kwanza, msimu mzima alimtembeza tu, halafu akamruhusu kukimbia taratibu. Hakuwa tena yule Mwita wa ndama. Siwezi kukuficha, kulikuwa na asubuhi ambazo nilimwona amekaa juu ya kilima kile ametazama chini, nikapita bila kumsemesha. Kitu alichokuwa nacho hakikurudi, na hakuna mtu aliyewahi kukimbia hivyo Nyarero tangu hapo. Lakini ameoa, ana watoto na wajukuu, na mpaka leo anakimbia polepole asubuhi akizunguka shamba lake. Ukimwuliza anakuambia anakimbia ili asikie anapumua.

Mimi niliingia timu ya mkoa. Sikuwa bingwa wa kutajwa. Nilikimbia miaka yangu, nikaona miji, nikarudi na magoti yangu mazima, nikafungua duka hili. Kocha, mdogo wake alipopona, alirudi Robanda. Aliwafundisha vijana wa kule, wanaofanya kazi kambini na wanaolinda mashamba. Aliwakataza kuingia barabarani kabla jua halijatoka, kwa sababu ya wanyama, na hata huko alikuwa anawatazama. Alipofariki nilikwenda kumzika, mimi na Mwita. Tulikuta vijana wengi tusiowajua, wengine na sare za kazi, wakigombea sepetu. Mwita naye alitaka kuchimba. Wakamwambia, mzee pumzika. Akakataa. Alichimba mpaka mikono ikamtoka malengelenge.

Sasa, mwanangu, nikuambie wazi ninalotaka ulibebe.

Tafuta kocha. Usimtafute ili akufanye bingwa tu, maana bingwa ni mmoja na wakimbiaji ni wengi. Mtafute kwa sababu wewe huwezi kujiona ukiwa unakimbia. Mguu unaopinda, bega lililokaza, pumzi inayokatika, hayo yanaonekana na mtu aliye nyuma yako. Hilo goti linajaribu kukueleza jambo, na wewe hujui lugha yake bado. Mwenye kujua akikutazama asubuhi moja tu, pengine atakuonyesha linatoka wapi. Kifaa kinaweza kukuambia umekwenda upesi kiasi gani. Hakiwezi kukuuliza mama yako anaitwa nani.

Kocha atakufundisha kwenda polepole, nawe utaona aibu. Ikubali aibu hiyo. Atakupa siku ya kupumzika, nawe utadhani unapoteza muda. Siku hiyo ndiyo mwili unajenga ulichobomoa jana. Atakupangia kilima leo na tambarare kesho, na hutaelewa kwa nini mpaka siku utakapovuka daraja lako na miguu ikaitikia. Na asubuhi ile ambayo mwili unakataa na moyo unakataa, utatoka kitandani kwa sababu kuna mtu amesimama uwanjani anakusubiri.

Lakini chagua vizuri. Si kila mwenye filimbi ni kocha. Anayekusifu kila siku, mwogope. Anayekupigia kelele mbele za watu ili aonekane, mwache. Na anayetaka kukufundishia wewe au dada zako mahali pa kujificha, mkimbie kuliko unavyokimbia mbio zako, kisha uwaambie watu wako. Kocha wa kweli utamjua kwa jambo moja: anaweza kukuambia usikimbie, siku ambayo watu wote wanataka ukimbie, na hata yeye mwenyewe angefaidika ukikimbia. Ukimpata huyo, mwambie ukweli wote. Ukiumwa, mwambie. Ukiwa hukulala, mwambie. Akisema simama, simama. Akisema nenda, nenda.

Wala usingoje kuvunjika. Mwita alisema atakwenda baada ya mashindano. Alimaanisha kabisa, na alikuwa kijana mzuri kuliko mimi.

Basi inuka taratibu, mwanangu, utembee leo. Mungu wa baba zako na mama zako akupe miguu mizima mpaka uzeeni. Akupe kifua kisichochoka na sikio linalosikia. Njia zako ziwe na watu wema. Ukikimbia, uone unakokwenda, na ukianguka, uangukie mikononi mwa mtu. Nenda na amani.